109 yangu nataka kuitoa petroli niweke 1HZ (dizeli ya Toyota), gia boksi ya Land Rover itahimili?

Mwana wa Kilolo

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo kabla sijamwaga hela maana nikishaimwaga hairudi.

Nina Land Rover 109 Series III pikapu, ya marehemu mzee wangu, petroli ile 2.25 iliyotoka nayo kiwandani. Bodi iko poa, chesisi nimeigonga nyundo kuanzia mbele mpaka nyuma nikakuta imetoboka sehemu moja tu karibu na tangi, nimeshachomelea. Shida ni injini. Silinda zimeshachongwa mara mbili na sasa fundi anasema hakuna pa kuchonga tena labda slivu, inakula oili, na petroli yenyewe ndo usiseme. Kupanda mlima wa Kitonga na mzigo wa viazi natembea na gia ya pili mguu uko chini kabisa, juzi dereva wa semi alinipita pale kwenye kona akanipungia mkono. Semi wakuu! Iliniuma nikafika Iringa sijaongea na mtu.

Sasa kuna jamaa hapa mjini ana Land Cruiser mkonga, HZJ75, ilibingirika, bodi imekwisha ila 1HZ yake inawaka vizuri nimeisikia kwa masikio yangu, haina moshi. Anauza injini, na gia boksi anauza pia ila bei yake mbali. Hesabu yangu ni nichukue injini tu, fundi atengeneze pleti ya kuunganishia na gia boksi yangu ya 109, niokoe hela. Nimemuuliza fundi kama inawezekana akanijibu "kila kitu kinawezekana boss", na hiyo kauli ndo imenitoa usingizi.

Kuna aliyefanya hii kitu? Gia boksi ya zamani itahimili? Au niachane na 1HZ nitafute 5L, ile dizeli ya Hiace? Gari sio ya maonyesho, inabeba viazi na mbao, na siku moja moja familia.

Nawasilisha.

Chuma Chakavu

1HZ mkuu usifikirie mara mbili hiyo injini haifi. Weka na turbo kabisa uwapungie mkono hao wa semi.

Fundi wa Unga Ltd

Mkuu pole na mzee. Mimi niko Arusha, nimeshaweka 1HZ kwenye Land Rover mbili, moja 110 ya watalii na moja 109 kama hiyo yako, kwa hiyo ninachokwambia nimekifanya kwa mikono sijasimuliwa.

Swali umeliuliza kuanzia mbele ya gari na jibu liko nyuma. Kuning'iniza injini kwenye mauntingi ni kazi ya siku mbili tatu. Kazi inayobaki ni huko nyuma ya flaiwili (lile gurudumu zito mwishoni mwa injini), na ndo inayokula miezi.

Gia boksi ya Series ilitengenezwa kwa injini ya farasi sabini na kitu. 1HZ ni silinda sita, cc 4164, farasi 130 hivi, ila achana na farasi angalia nguvu ya kuvuta, ni Nm 285 na anaitoa chini kabisa, injini ikiwa kwenye 2200. Hiyo gia boksi yako hata kwa petroli yenyewe tunaifungua kila siku, gia ya pili inaruka, beringi zinalia. Ukiifunga nyuma ya 1HZ wiki ya kwanza utafurahi, Kitonga utapanda na tatu huku unapiga mluzi, wiki ya sita utanipigia simu.

Halafu kuna hesabu watu hawaipigi kabisa, ya mizunguko. Tairi ya 7.50-16 ikizunguka mara moja gari imesogea kama mita mbili na nusu. Ukienda 80 tairi inazunguka kama mara 530 kwa dakika. Sasa zidisha na difu lako (gia za kwenye ekseli) ambalo ni 4.7, halafu transfa ya Series (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) hata kwenye hai, ile ya mwendo wa kawaida, haiko moja kwa moja, inapunguza tena kwa 1.148, unakuta kwenye 80 injini iko karibu 2900, na ukitaka 100 ni 3600. Kwa 1HZ hiyo ni kelele ya mashine ya kusaga kutoka Iringa mpaka Moro. Ila ukichukua na gia boksi yake ile H55F, gia ya tano ni 0.845 na transfa yake kwenye hai ni moja kwa moja, kwenye 80 ileile injini iko 2100. Hapo hata hilo difu la 4.7 ambalo watu wanalitukana linageuka kuwa rafiki, unaliacha palepale.

Kwa hiyo kama ni 1HZ chukua vyote vya gari moja. Injini, flaiwili, klachi, gia boksi, transfa, masta ya klachi, stata, mauntingi, bomba la maji la juu na la chini, mpaka vile vipande vya waya usiache. Na una bahati moja, propela za 109 (shafti za kupeleka nguvu kwenye ekseli) mbele na nyuma zote zinatokea kulia, na transfa ya mkonga wa zamani ile inayofungwa ubavuni mwa gia boksi nayo inatoa kulia mbele na nyuma. Zile flanji tu ndo hazilingani, kwa hiyo propela unakata unaunga, kichwa cha Toyota upande wa transfa, kichwa cha Land Rover upande wa difu. Ikishaungwa lazima ibalansiwe. Ya kwanza mimi sikubalansi nilijiona mjanja, ilipofika 70 kioo cha kati kikaanza kucheza mpaka kikadondoka mapajani kwa mteja.

Vingine utakavyokutana navyo. Krosimemba (chuma kinachokatiza chesisi) ya chini ya gia boksi imechomelewa kwenye chesisi, H55F ni ndefu haitakubali, utakata uiweke upya nyuma, na hapo usimpe mchomeleaji wa mageti. Rejeta utaisogeza mbele maana silinda sita ni ndefu, ile feni kubwa ya mkanda sisi tulitoa tukaweka ya umeme. Springi za mbele zitalala, ongeza jani. Na sampu (bakuli la oili chini ya injini) na ekseli ya mbele vinakaribiana mno. Sisi tulikuwa tumetoka kula, nikachukua tonge la ugali nikalibandika juu ya ekseli chini ya sampu, vijana wanne wakapanda juu ya bampa wakaruka ruka, tukaangalia tonge limebonyea kiasi gani. Lilibonyea lote likawa chapati. Tukainua injini tena sentimita tatu.

Hiyo ya turbo hapo juu usimsikilize. 1HZ ya kwenu haikuzaliwa na turbo, ukiifunga na kukanyaga kama kijana silinda hedi inapasuka.

Nyuki wa Nanyuki

Salama wadau, naingilia kutoka upande wa Kenya. Mimi nilifanya hiyo ya pleti so wacha nikupe stori uamue mwenyewe.

109 yangu niliweka TD27, ile ya matatu za Nissan Caravan za kitambo. Naipenda hiyo injini sababu haina timing belt, ni gia tupu mbele, hakuna siku utaamka ukute mkanda umekatika na valvu zimegongana na pistoni. 1HZ na 5L zote ni mkanda, kila kilomita 100,000 unabadilisha, na ukinunua ya ajali hujui huo mkanda ni wa mwaka gani so badilisha siku ileile kabla hujaiwasha tena.

Sasa gearbox nikaacha ya Land Rover. Jua kali mmoja akanikatia pleti nzuri ya chuma, matundu yote yanaingia, boliti zinakaza, tukasherehekea na nyama. Mwezi wa pili ikaanza kulia ukikanyaga klachi. Mwezi wa tatu ikalia hata kama hujakanyaga. Kufungua, beringi ya mbele ya shafti ya kuingilia imekwisha, na ile bushi ya katikati ya flaiwili imeliwa upande mmoja ikawa umbo la yai. Pleti ilikuwa imehama kutoka katikati. Unajua ilihama kiasi gani? Unene wa karatasi mbili za daftari hivi. Kwa macho huwezi kuona hata uvae miwani mbili.

Na kama hujawahi kutoa gearbox ya 109, haitokei chini kama gari ya watu. Unatoa viti, unatoa sakafu, unatoa lile boksi lote la viti, ndo mnaibeba watu watatu inatokea mlangoni kama mgonjwa. Mimi niliitoa mara tatu. Mke wangu alikuwa anaweka kuku ndani ya hiyo gari kwa sababu hakuna sakafu na ni rahisi kuosha.

Iliyonisaidia ni mzee mmoja wa leti Nyeri. Alikaza dayal geji (geji ya sindano ya kupimia tofauti ndogo sana) juu ya flaiwili, akazungusha krenki kwa mkono polepole, sindano inapita ukingo wa tundu la bel hauzing (kava linalofunika klachi), akaniambia ona inapanda hapa inashuka pale. Tukasogeza pleti mpaka sindano ikatulia, ndo akatoboa akapiga pini mbili za kuishika isihame tena. Miaka minne sasa haijalia. Kwa hiyo pleti inawezekana, lakini muulize huyo fundi wako wa "kila kitu kinawezekana" kama ana dayal geji. Akikuuliza ni nini, chukua funguo zako uende.

Na TD27 haina nguvu ya 1HZ, ndio maana gearbox bado iko.

Mwana wa Kilolo

Aisee nimesoma hii mara mbili. @Nyuki nimempigia fundi sasa hivi nikamuuliza ana dayal geji, kanijibu anayo ya presha ya tairi 😂😂

@Fundi wa Unga nashukuru sana mkuu, hiyo hesabu ya mizunguko hakuna mtu aliwahi kunipigia. Na 5L je? Nasikia ni nyepesi na spea zake zipo mpaka vijijini.

Dada wa Spea

Kwenye spea ndo nyumbani kwangu acha nikujibu kaka. 5L ni cc 2986, farasi mia hivi, haina turbo haina umeme mwingi, na kweli spea zake utazipata hata minadani, filta mpaka nozo. Ila ukisema "ya Hiace" kuwa makini, ya Hiace imekaa chini ya siti, sampu na mauntingi na bomba vyote vimepangwa kwa ajili ya kule, na gia boksi yake haina transfa. Watu wanakuja dukani kwangu wakiwa wameshanunua ya Hiace halafu wanaanza kuulizia sampu ya Hilux, na sampu ya Hilux peke yake haipatikani kirahisi maana kila mtu anaitafuta hiyohiyo. Kama ni 5L tafuta iliyotoka kwenye Hilux ya fo bai fo, na kabla hujalipa lala chini uangalie propela ya mbele inatoka upande gani. Ya kwako inatakiwa kulia. Ikitoka kushoto inuka jifute vumbi uende.

Vitu vingine ambavyo wanaume mnavisahau mpaka gari iko barabarani: breki. Kama 109 yako ina sevo (ile ya kulainisha mguu wa breki), ilikuwa inavuta upepo kutoka kwenye manifodi ya petroli. Dizeli haina hiyo kitu, inataka pampu ya vakyumu. 5L pampu iko nyuma ya altaneta, kwa hiyo usikubali uuziwe injini halafu altaneta "kuna mtu aliiomba". Hata hiyo 1HZ hakikisha inakuja na pampu yake. Kuna kaka alishuka mlima akiwa na injini mpya na mguu wa breki mgumu kama jiwe, anakuja dukani anatetemeka anaulizia breki shu. Shu hazikuwa na kosa.

Na stata angalia, zipo 1HZ za volti 12 na zipo za 24, gari yako ni 12.

Na karatasi. Kadi yako ina namba ya injini ya petroli. Ukibadilisha lazima TRA wajue na namba ibadilishwe kwenye kadi, kwa hiyo huyo wa ajali akupe risiti, mkataba wa mauziano na kopi ya kadi ya gari ilikotoka. Asipotoa jiulize kwa nini. Siku ukisimamishwa na wakafungua boneti wakakuta 1HZ na kadi inasema petroli silinda nne, hapo utaeleza mpaka jioni.

Babu Overdraivu

Vijana nawasoma. Nimeendesha hizi gari tangu zikiwa mpya serikalini, Series II, Series III, mpaka ile Stage One ya V8. Mnachanganya mambo.

Huyu kijana anabeba viazi. 1HZ ni injini nzuri sikatai, lakini ukishaweka injini ya Toyota, gia boksi ya Toyota, transfa ya Toyota, kesho hafu shafti za mbele zitakatika maana ile low ya Toyota na namba moja ikipigana na zile shafti nyembamba za Rover mshindi anajulikana, utaweka na ekseli za Toyota. Hapo una Land Cruiser iliyovaa kanzu ya Land Rover. Ungenunua tu ile mkonga ukainyoosha bodi.

Na msiseme Land Rover na injini ya Kijapani ni dhambi, jeshi la Australia walikuwa nazo 110 zenye Isuzu 4BD1 ya 3.9 kutoka kiwandani, na zilifanya kazi. Lakini zile zilipangwa na wahandisi pamoja na gia boksi yake, sio pleti ya gereji.

Ushauri wangu, tafuta 200Tdi, dizeli ya Land Rover yenyewe. Ile bloku ni ya ukoo uleule wa 2.25 yako, inakaa kwenye gia boksi ya Series kwa flaiwili hauzing ya zamani, hakuna pleti, hakuna dayal geji wala ugali. Ukipata ya Discovery turbo yake imekaa chini inagombana na chesisi, itabidi ubadilishe manifodi, ukipata ya Defender inaingia yenyewe.

Mwana wa Kilolo

Shikamoo babu. Nimekuelewa ila nimeangalia hiyo 200Tdi nayo ina farasi 111 na Nm 265 kwa ile ya Discovery, si karibu sawa tu na 1HZ? Gia boksi si itakufa vilevile?

Babu Overdraivu

Marahaba. Umeuliza vizuri. Itakufa ukiiendesha kijinga. Usiondoke na mzigo huku umekanyaga mpaka chini, na usivute kisiki na namba moja. Wanaiweka sana huko Uingereza kwenye Series na gia boksi zinaishi. Mimi mwenyewe ninayo.

Fundi wa Unga Ltd

Hapa babu kanishinda, nakubali. Tofauti ni uzito kijana, 200Tdi ni silinda nne haikubani pua kama 1HZ, rejeta haihami mbali, krosimemba haikatwi. Na kama unaogopa tunapunguza mafuta kidogo kwenye pampu, kwa viazi hutahisi. Sio kwamba gia boksi imekuwa imara ghafla, hapana, bado ndo sehemu dhaifu kuliko zote, ila ikifa utaweka nyingine ya Series ndani ya siku mbili na injini haijaguswa. Kwenye pleti ikifa gia boksi unaanza kupima upya.

Mizunguko ndo bado utakuwa na kelele. Dawa ni overdraivu (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko) ukibahatika kuipata, au difu za 3.54, hapo kwenye 80 unashuka mpaka kama 2200. Mbele linaingia la Discovery ya zamani yenye meno kumi kwenye hafu shafti kama yako, nyuma kwako difu ni aina ya Salisbury kwa hiyo tafuta Salisbury ya 110. Yabadilishwe yote mawili siku moja, usije ukatembea na 3.54 mbele na 4.7 nyuma halafu ukashika fo kwenye lami, kitu kitapasuka na hutajua kipi kilianza.

Huku Arusha kampuni za watalii zimetoa sana hizo Tdi wakaweka 1HZ, zipo zimelala uani zimefunikwa maturubai. Mimi nina moja 200Tdi ya Defender, nimeiwasha wiki iliyopita.

Chuma Chakavu

Mnamkatisha tamaa mtu. Mimi bado nasema 1HZ na seti nzima, ukishamaliza umemaliza maisha.

Dada wa Spea

Na hela umemaliza pia 😂

Mwana wa Kilolo

Mrejesho wakuu. Jana Jumamosi nimeenda kwa yule jamaa wa mkonga, nimekwenda na tepu, kopi ya kadi yangu na huu uzi wenu kwenye simu. Nilishaamua nikikuta seti iko kamili naongea bei, maana moyo bado ulikuwa kwenye ile silinda sita.

Nimelala chini kama dada alivyosema. Injini ipo. Nyuma ya injini kuna flaiwili inang'aa halafu unaona mbingu. Gia boksi na transfa vimechukuliwa Ijumaa na mtu wa Mbeya, vikapakiwa na propela zake zote mbili. Stata hamna. Nikamuuliza bei ya injini sasa ni ngapi, akasema ileile, nikamuuliza ileile ya lini, akaanza kuchezea simu. Karatasi akasema "tutazitafuta".

Nimerudi nyumbani nikaiwasha 2.25 ikawaka mara ya tatu kama kawaida yake. @Fundi wa Unga hiyo 200Tdi bado ipo? Na flaiwili hauzing nije na yangu au unayo?

Fundi wa Unga Ltd

Ipo. Njoo na yako, na njoo asubuhi ikiwa ya baridi ili uiwashe mwenyewe usije ukasema niliipasha.

Nyuki wa Nanyuki

Atafikaje Arusha na hiyo petroli bana 😂

Mwana wa Kilolo

Nakuja na basi.